Boneti Niliyoisugua kwa Unga wa Kariandusi

Kariandusi,
Jumapili, baada ya kanisa

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye vumbi jeupe. Mimi niko sawa, ila mgongo unanikumbusha kila asubuhi kwamba magunia ya chakula cha kuku si mepesi. Nanyi huko Bungoma? Goti la Mama limepoa? Yule ng'ombe mwekundu amezaa au bado anatudanganya? Najua Mama ndiye anayekusomea. Mama, tafadhali vaa miwani, kaa vizuri, na usiruke mahali popote, hata pale utakapoona nimetaja macho. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu, Baba, nikisema tu neno hospitali unaniambia mtandao umepotea. Kwenye karatasi mtandao haupotei.

Sasa habari za gari. Nilisikia ulicheka sana ulipoambiwa kwamba halina klachi. Ulisema hilo si gari, ni kochi lenye taa. Basi hilo kochi sasa lina miezi minne mikononi mwangu. Ni dogo, la rangi ya damu ya mzee, na ingawa Wajapani walilitumia kabla yangu, kwangu ni jipya kabisa. Nalitumia kubeba chanjo na vifaranga kutoka duka langu la dawa za mifugo na kuwapelekea wafugaji, kuanzia Elmenteita mpaka Gilgil. Siku ya kwanza mvua kubwa iliponikuta ndani yake, niliegesha kando ya barabara nikakaa tu, natazama maji yakiteremka kwenye kioo, nacheka peke yangu. Miaka yote ile nimelowa juu ya pikipiki za watu, Baba. Nilikaa pale mpaka mvua ikaisha.

Lakini usidhani ni raha tupu. Siku niliyopewa ufunguo, mtaa mzima ulipata gari. Nimebeba keki ya harusi, nimebeba wagonjwa, nimebeba mbuzi aliyekula mkanda wa kiti cha nyuma. Mwezi uliopita sanduku la vifaranga lilifunguka nikiwa Kikopey, katikati ya malori, na vifaranga wakaja mpaka chini ya breki. Nilijivuta hadi mbele ya bucha moja ya nyama choma, nikafungua mlango, na wachomaji wote wakaacha moto wao wakaja kunisaidia kuwakamata. Mmoja akainua kifaranga mkononi akakitazama. "Madam," akasema, "hawa bado. Warudishe nyumbani wakue kwanza." Nilifika kwa mteja wangu nikiwa na vifaranga wote isipokuwa mmoja, ambaye nilimpata siku mbili baadaye kwenye mfuko wa mlango, mzima kabisa, anadai chakula.

Hayo ni ya kucheka. Hili la pili linaniuma, na nimekuficha.

Huku kwetu gari likiwa jipya halitulii mpaka liombewe. Kina mama wa kanisa walishanipangia Jumapili yao, na mimi nikataka lionekane kama gari la binti yako. Nilikuwa nakukumbuka ukiosha lile lori la miwa la mwajiri wako. Maji ndoo tatu, kitambaa laini, na ole wake mtoto atakayeligusa kwa kitu kilichogusa sufuria. Tulikuwa tunalalamika kwamba lori linaogeshwa vizuri kuliko sisi. Ungeniona Jumamosi ile ungenifukuza.

Jirani yangu Mama Chebet, ambaye mume wake anafanya kazi kwenye machimbo hapa, ana mabonge ya ule unga mweupe wanaochimba. Sisi wote tunasugulia sufuria, na sufuria inang'aa mpaka unajiona. Nikamuuliza kama unaweza kung'arisha gari.

"Kwani gari si ni bati tu?" akasema. "Hii kitu ni soft kama powder ya mtoto. Weka maji kidogo, sugua na gunia. Utaniambia."

Nikasugua boneti yote, Baba, kwa gunia, huku naimba. Ikiwa na maji ilimeta ajabu, nikaenda kuoga nimejaa furaha. Nilipotoka ilikuwa imekauka. Rangi imefifia, imejaa mikwaruzo ya duaraduara, kama sufuria zile tulizokuwa tukizisugua kwa mchanga mtoni. Mama Chebet alikuja, akaangalia, akarudi kwake akafunga mlango.

Kesho yake mchungaji alizunguka gari mara moja, akasimama mbele. "Dada, tuombee gari ama tuombee rangi?" Waliomba yote mawili. Jumatatu fundi wa rangi pale Gilgil naye aliita wenzake waje kuona. "Mathe, ulitumia nini hapa, steel wool?" Nilipomwambia ni unga wa Kariandusi, alilazimika kuketi. Akasema boneti nzima lazima ipakwe upya, nikakubaliana naye siku ya kulipeleka.

Jioni hiyo hiyo ukanipigia. Kitu cha kwanza uliuliza, "Linang'aa?" Nami nikasema, "Linang'aa, Baba." Ukafurahi. Nilisikia ulivyofurahi. Nilipokata simu niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu utotoni, kwa sababu nilikudanganya kitu ambacho zamani ungekiona ukiwa bado kule barabarani. Nisamehe.

Sasa nakuja kwenye sababu ya barua hii. Mama, polepole hapa.

Mama Chebet anakaa na mama mkwe wake, bibi mmoja Mkalenjin ambaye sote tunamwita Kogo, yaani bibi kwa lugha yao. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, kama wewe. Kila nilipoegesha alikuja akipapasa, akiweka kiganja juu ya gari na kulisifu. "Gari nzuri," anasema. "Laini." Hata baada ya ule unga aliendelea kulisifu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza. Wiki mbili zilizopita nilimpeleka hospitali ya macho Nakuru, akapasuliwa jicho moja. Siku iliyofuata mimi na Mama Chebet tukaenda kumchukua, bandeji imeshatolewa. Alitembea nasi hadi mahali nilipoegesha, akafika mbele ya gari, akasimama. Akainama. Akapitisha kidole kwenye mkwaruzo mmoja, akaufuata wote mpaka mwisho.

"Mama dawa," akaniita, "nani aliharibu gari yako hivi?"

Mama Chebet akatazama viatu vyake. Mimi nilicheka, kisha nikajikuta nalia mbele ya watu, na Kogo akadhani nalilia gari. Akaanza kunipa pole njia nzima, huku akinisomea kila kibao cha duka tulichopita. Mimi nilikuwa nawaza wewe tu.

Baba, ninajua unamfikiria Baba Mkubwa. Alienda na jicho linaloona kidogo, akarudi haoni kabisa, na wewe ndiye uliyemshika mkono kumleta nyumbani. Nilimweleza daktari habari zake zote. Akasema inaelekea yake ilikuwa presha ya macho, na alikuwa amechelewa sana. Macho yako yalipopimwa uliambiwa ni mtoto wa jicho. Sikuambii usiogope. Hata mimi naogopa, na daktari mwenyewe hakuniapia kitu, alisema tu kwamba ukizidi kungoja kazi yake itakuwa ngumu. Kila mtu hapo kijijini unamwambia uliacha kuendesha kwa sababu ulichoka. Hukuchoka. Nilikuwepo siku uliposhindwa kuona jirani aliyesimama mlangoni, ukamsalimia baada ya kusikia akikohoa. Sijawahi kukwambia kwamba niliona.

Nitakuja kukuchukua mwenyewe. Sijawahi kuendesha zaidi ya Nakuru, na nauogopa ule ukungu wa Timboroa njiani kuja huko, na malori yake. Lakini tukirudi utakaa kando yangu mbele, usikilize injini unifundishe, hata kama ni kochi. Utakaa kwangu mpaka upone. Mama aje pia, Kogo ameshasema anataka mtu wa rika lake wa kupiga naye hadithi.

Sikuombi useme ndiyo, maana nakujua, hutasema. Nipigie tu uniulize kama nimepima upepo wa magurudumu. Nitaelewa, na kesho yake alfajiri nitakuwa njiani.

Nisalimie shangazi, mwambie dawa ya kuku wake iko kwenye kifurushi hiki, awape asubuhi kabla hawajala. Msalimie kaka na mke wake, na kitinda mimba wetu, mkumbusheni kwamba bado sijamwona akipiga simu bila kuwa na shida. Jirani yako yule mliyeendesha naye malori ya miwa, mwambie kochi lina taa kweli, tena zinawaka zote.

Yule fundi wa rangi alikuwa ananingoja Jumanne iliyopita. Nilimpigia nikamwambia asubiri. Boneti itabaki hivyo hivyo, na mikwaruzo yake yote, mpaka siku utakayotoka hospitali, usimame mbele yake, na unigombeze mwenyewe bila mtu kukuonyesha mahali.

Binti yako anayekupenda,

Naliaka