Lenzi Ndefu na Kicheko cha Mama

Makutano, Meru
Jumapili, baada ya kanisa

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe pamoja na Baba. Natumaini goti lako limetulia na mnachuma majani chai bila mvua kuwasumbua. Mimi ni mzima kabisa, ninakula vizuri, na sijakonda kama dada Veronicah alivyokuambia. Ningepiga simu, lakini ungenikatiza kabla sijafika penyewe, na mwisho wa barua hii nina ruhusa ya kuomba.

Unajua nimekuwa nikijiuliza kama ninunue kamera mpya au nibaki na hii niinunulie lenzi. Vyote viwili siviwezi, na nikikosea nitajuta msimu mzima wa harusi. Kailemia, ninayepanga naye studio, alisema nichukue kamera mpya, tena kubwa, kwa sababu watu wa hapa humpima mpiga picha kwa ukubwa wa kitu kinachoning'inia shingoni. Hakusema uongo. Kuna kamati ya harusi iliyoitazama yangu ikauliza kama ni ya mtoto.

Nilikuwa karibu kumsikiliza, hasa baada ya aibu iliyonipata Nchiru, ambayo sikukuambia. Ilikuwa siku ya mahari. Nilikuwa nimewapiga picha kina mama ndani wakiwafunika bibi harusi na wenzake kwa leso, kichwa hadi miguu. Walipotoka, bwana harusi, Muthomi, akaambiwa amtafute wake. Lenzi yangu ni fupi, kwa hivyo nilisogea mbele ya bibi harusi nikamngojea afunuliwe. Muthomi hakutafuta chochote. Alinifuata mimi moja kwa moja, akamshika bibi harusi! Shangazi za bibi harusi walichachamaa, wakasema nimeuza siri ya nyumba, wakanitoza kreti ya soda na kunifukuza nikakae na wapishi.

Niliporudi nikamweleza Suhail, yule wa bucha ya karibu na msikiti, ambaye hupenda kupiga picha za ndege. Alicheka hadi akaweka kisu chini. Akasema kamera yangu haina kosa, kosa ni pale nilipokuwa nimesimama, na hata nikinunua mpya itanibidi nisimame pale pale. Akaniazima lenzi yake ndefu nikaijaribu.

Ndiyo niliyokuja nayo kwa mahari ya Beth, binti ya Mjomba. Mliniuliza kwa nini nimejitenga kule kwenye migomba kama mtu aliyekosana na ukoo. Nilikuwa kazini! Kutoka kule nilimwona bwana harusi, Mwenda, akizizunguka leso zile huku akijipapasa kidevu, anajiamini kweli kweli, na mwisho akamchagua wake, akamfunua, na kumbe ni wewe, Mama, shangazi wa bibi harusi, mwenye wajukuu. Sikujua walikuwa wamekuchomeka katikati kwa mzaha. Mwenda naye, maskini, alitafuta pa kujificha.

Sasa nafika penyewe. Mama, nilikupiga picha. Najua ulikataza. Tangu ng'ombe akutoe yale meno mawili ya mbele, ukicheka unafunika mdomo, sembuse ukiona kamera, na nyumbani hatuna picha yako ila ya kitambulisho, ambamo unaonekana kama umekuja kumshtaki mtu. Siku ile hukunijali. Ulicheka mdomo wazi, pengo lote nje, leso imeteleza, umemshikilia Mwenda bega usianguke. Nilipoiona nililia kidogo. Usimwambie Baba.

Kesho yake nilikwenda kununua lenzi kama ile, na Kailemia amenuna mpaka leo. Ndefu si kubwa, anasema.

Picha yenyewe sijamwonyesha mtu, hata Suhail. Nimesafisha moja tu, nimeiweka humu, na ninaomba uniruhusu niitundike studio. Ukisema niifute, nitaifuta. Lakini kabla hujasema, mpe Baba aitazame. Miaka yote ametuambia alikuoa kwa sababu ya kicheko chako, na sisi watoto tulikuwa hatujui anazungumzia nini.

Nisalimie Mjomba na wote wanaoniulizia. Mungu awatunze mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Njiru