Kofia ya Alio na kiu ya punda

Warya, rafiki yangu Mowlid, natoka hospitali na Alio wetu wa mkokoteni wa punda.

Asubuhi alikuwa anatoa kabati kuukuu za ofisi moja ghorofani. Idil, msimamizi, akampa kofia ngumu. Alio kwa huruma zake akaijaza maji, akamwekea punda.

Halafu akaifunga kabati moja mgongoni kwa kamba, vile babake alivyofunga mzigo wa ngamia. Kazi safi, ila ngamia hana droo. Kwenye ngazi droo ikachomoka, ikamshukia utosini.

Idil anauliza, "Adeer, mzee wangu, kofia iko wapi?"

"Punda anakunywa."

Damu imefika kwa ndevu, nilidhani tumempoteza, na yeye anasema punda anakunywa.

Ameshonwa, ni mzima. Idil ameahidi kofia mbili sasa, ya kuvaa na ya punda. Alio ameshauliza ipi ni kubwa, ampe punda.