Kabla Hamjalipia Helikopta

Mestia, Februari

Gela mdogo wangu,

Ng'ombe amezaa dume, na mama bado anagombana na jino lake. Umeniuliza helikopta ipi iwapandishe wenzako wa Munich milimani kwetu wateleze na ski, iliyo nafuu na ya kuaminika. Iliyo nafuu ndiyo anayoongozea wageni shemeji yako Murza. Ile ya bei kali, theluji mpya ikianguka, hulala siku mbili ikingoja ishikane isije ikaporomoka, na wageni wake hukaa kwangu wakila mikate ya nyama na kununa. Ya akina Murza huruka kesho yake.

Unamjua Murza, hakanyagi mteremko kabla hajauchimba akaona theluji imeshikana vipi. Jana ilianguka kutwa. Leo asubuhi tajiri wake kamwambia mbele yangu, "Acha beleshi hilo, Murza. Ukichimba, mafuta yanaungua bure."

Nikasema, "Baba watoto, kataa."

Akacheka. "Nikatae, wageni waseme Msvani, mzaliwa wa milima hii, kaogopa theluji?"

Kwetu hakuna amwambiaye mgeni asije, na mama akisikia atanilaani. Lakini nakwambia, Gela, hiyo msiipande. Chukueni ya bei kali, na siku hizo mbili mtanunia kwangu.

Tangu nianze kuandika, helikopta yao imepita juu ya paa mara tatu ikipanda. Ikishuka, nimeisikia mara mbili. Huenda upepo umenipotezea sauti. Beleshi lipo hapa nyuma ya mlango, nimelifuta mara mbili na halina vumbi.

Dada yako,
Ciuri