Kengele ya Duara la Kusini

Alhamisi, 14 Novemba 2024

Mvua. Tangu asubuhi kontena langu la kompyuta hapa mgodini limeingiwa na watu wanne, wote kuchaji simu. Wanachomeka, wanatoka. Jioni wanachomoa, wanatoka.

Kazi ya leo ilikuwa kutenganisha. Kompyuta moja, miradi miwili, haipatani! Kengele ya duara la kusini, shimo letu la dhahabu, inataka numpy ya zamani, ile maktaba ya programu za hesabu. Programu inayosoma vigingi vya vipimo ilitengenezwa kwa hiyo, ukiibadilisha inakufa. Ramani za miamba za Marselino, mjiolojia wetu, zinataka numpy mpya. Basi kila mradi nimeupa venv yake, chumba chake ndani ya kompyuta. Kama wake wenza – kila mtu na jiko lake, chumvi yake.

Donatus, meneja, alichungulia. Kwa nini nisiiweke pamoja, kurahisisha? Nikaeleza: vigingi vitatu viko kwenye ufa juu ya duara, ufa ukipanuka king'ora kinalia watu watoke, kwa hiyo hapo pasiguswe. Kumbe alikuwa anaongea na simu.

Nimekula peke yangu. Dagaa.

Jumamosi, 16 Novemba

Marselino amekuja – na akakaa! Mpaka chai ikapoa. Akauliza kwetu wapi. Nikamwambia Kishapu, kwenye ukame. Akasema ndiyo maana nauangalia udongo wenye tope kama mtu aliyeletewa zawadi. Nilicheka mpaka nikajishangaa. Sauti yangu mwenyewe niliisikia ngeni.

Kesho anakwenda Geita mjini, anataka kumaliza ramani zake mwenyewe kabla hajaondoka. Nikampa nywila. Nikamwonyesha: washa kwanza ile venv inayoitwa ramani, ndipo uweke maktaba zako. Akaitikia. Nikaenda kufua, nikiimba.

Jumapili, 17 Novemba

Marselino ameondoka. Hakuaga, labda nilikuwa bado kanisani.

Mama kapiga simu. "Mwangaluka," akanisalimia Kisukuma, halafu moja kwa moja: una watu huko? Nikasema wengi, tunapikiana. Akafurahi sana. Nilipokata nikaosha kikombe changu kimoja.

Jumatatu, 18 Novemba

Umeme ulikatika mchana, ukarudi. Kompyuta ikawaka yenyewe. Mvua. Hakuna neno.

Jumatano, 20 Novemba

Naandika nimekaa juu ya gunia karibu na mdomo wa duara. Acha nianze mwanzo.

Asubuhi nilijiuliza: mvua yote hii, na kengele haijatoa hata onyo dogo? Nikafungua kumbukumbu za mfumo. Kosa lilelile, tangu Jumatatu, mstari juu ya mstari. Inajaribu kuwaka, inaanguka. Inajaribu, inaanguka. Na mimi nilidhani ule ukimya ni usalama!

Ndani ya venv ya kengele imekaa numpy mpya.

Nikampigia Marselino. Akashangaa kweli. Alitumia dirisha lililokuwa wazi kwenye kompyuta, akadhani nimemtayarishia. Lilikuwa la kengele. Nililiacha wazi mwenyewe, nilikuwa nimefurahi mno kukumbuka. Programu iliendelea kwenda kwa sababu numpy ya zamani ilikuwa bado kichwani mwa kompyuta. Umeme ulipokatika, basi.

Nikaifuta venv yote, nikaanza kuijenga upya, kila maktaba kwa toleo lake lilelile la mwanzo. Mtandao! Nimesimama mlangoni nimeinua simu juu kama mtu anayekinga mvua, upakuaji unafika katikati unakatika. Nikaanza tena. Ukakatika. Nikaanza tena, huku nawaza watu walio chini.

Ikawaka. Ikavuta vipimo vilivyojilimbikiza kwenye kisanduku cha vigingi. Viwili vimetulia. Cha tatu kinasogea tangu jana.

King'ora hakilii mpaka vigingi viwili vikubaliane. Nikakimbia.

Huku mdomoni mwanamke haji, wanasema dhahabu inakimbia. Makoye, kiongozi wa zamu, akanizuia kwa mkono.

"Dada, huku hupiti."

"Watoe watu."

"Kengele imelia?"

"Haijalia."

"Sasa?"

"Sijui, kaka. Watoe tu."

Akaniangalia usoni. Kisha akaivuta kamba ya ishara, mara nyingi, kwa nguvu. Wakaanza kutoka mmoja mmoja, tope mpaka kwenye nyusi.

Donatus akaja anafoka. Kigingi kimoja! Mbuzi akipita anakigonga! Na inawezekana – mbuzi wapo, nimewaona. Kasema hadi jioni udongo usiposhuka kufukia duara, watu warudi kazini na mimi nifungashe nirudi kwetu.

Basi tunangoja. Wanaume wamekaa upande ule, wote, wameniachia upande huu mzima. Mmoja kauliza kwa sauti kama kompyuta imewahi kushika sururu. Wakacheka. Mama wa chai amewapitia wote, kwangu birika likawa limeisha.

Kwenye simu naona kigingi cha tatu kimesogea tena, kidogo. Cha pili, kimya.

Nimejikuta naomba udongo ushuke. Duara ni tupu, hatadhurika mtu, na mimi sitakuwa mwendawazimu wa kambi nzima. Naomba kabisa, kwa macho yaliyofumbwa. Ushuke!

Sasa hivi Donatus anasema pampu imeachwa chini, maji yataila, waende wawili waitoe. Hakuna aliyesimama. Makoye akasema ataenda yeye, peke yake, haitachukua muda. Nikamwambia asiende. Akasema bila pampu vijana hawa wiki ijayo hawana kazi.

Amekuja upande wangu. Amechukua ncha ya kamba akaniwekea mkononi.

"Kile cha pili kikisogea hata kidogo, vuta. Usimsubiri meneja."

Ameshuka. Kofia yake siioni tena. Wale wengine wamesimama, wanasogea huku nilipo, wananizunguka, wanaangalia simu iliyo gotini kwangu. Kamba naishika kwa kushoto. Hakuna anayecheka.

Usishuke. Ee Mungu, usishuke, usishuke –