Chakula Nilichobeba Kwenda Bwegera

Uvira, tarehe 3 Juni 2024

Dada yangu Fadhila,

Assalam aleikum. Nakusalimu weye, shemeki Pontien na watoto. Mgongo unaendeleaje? Nimesikia ulikusumbua wakati wa kuvuna mpunga. Minye niko muzima, Alhamdulillah.

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Nilitoka Kalemie na bato ya ziwani, leo siku ya nne natembea Uvira kama mugeni. Kule Kalundu, kando ya ziwa, nilitafuta ule mchanga tulipokuwa tunaanika ndagala, vile visamaki vidogo, na mama. Ziwa limepanda, limeingia mpaka madirishani mwa watu. Nikauliza mama mmoja muuza samaki, "Njia ya zamani iko wapi?" Akasema, "Weye papa, iko chini ya maji! Ingia uitafute." Tukacheka, halafu nikasikia uchungu. Wa kukumbuka naye mambo yale ni weye tu.

Miaka kumi na tisa, dada. Baba alipokufukuza kwa kuolewa na Mkatoliki, minye nilinyamaza. Nataka kuja Jumamosi. Utanipokea?

Mdogo wako,
Bilal

Bwegera, tarehe 5 Juni

Mdogo wangu Bilal,

Mungu asifiwe uko muzima. Mgongo unapona. Barua yako Pontien ndiye aliyemalizia kunisomea, minye machozi yalinishinda. Amesema, "Si ndiye yule aliyejificha nyuma ya baba yake? Aje, tuone kama amenenepa!" Ukishapita Sange, muulize muntu yeyote Pontien wa mpunga.

Dada yako,
Fadhila

Bwegera, tarehe 11 Juni

Bilal,

Salamu. Sisi wazima, natumaini nawe ulifika vizuri.

Nilifurahi kukuona unazunguka mashamba na Pontien, unauliza majina ya milima kama mtoto. Lakini saa ya kula ulifungua mfuko wako, ukatoa mikate na mayai ya Uvira, ukasema tumbo linakusumbua. Tumbo gani? Pontien alikuwa amemfunga jogoo tangu asubuhi, anangoja kukupa kisu umchinje mwenyewe, ule bila wasiwasi. Sufuria zangu hazijaingia nguruwe hata siku moja. Ni yeye aliyekataza, toka mwaka tuliooana.

Ulipoondoka alifungua ile kamba ya jogoo. Hajataja jina lako mpaka leo.

Fadhila

Uvira, tarehe 2 Julai

Dada yangu Fadhila,

Assalam aleikum. Mgongo unaendeleaje? Watoto je, na shemeki? Nilikuandikia tarehe kumi na tatu, tena tarehe ishirini. Sijapata kitu.

Tumbo halikuniuma, nilidanganya. Baba amekufa miaka minane sasa, lakini mezani kwenu niliona kama ananitazama. Kila nikiswali naomba msamaha, ila huyu niliyemkosea ni Pontien, na yeye yuko Bwegera.

Bato ya Kalemie imeondoka mara mbili bila minye. Mke wangu Sumaya ananipigia simu, "Uko unatafuta nini huko?" Nikamwambia, dada yangu.

Muulize shemeki kama naweza kurudi, safari hii nije bila mfuko. Akikataa, niandikie hivyo hivyo. Tafadhali dada, jibu upesi.

Mdogo wako,
Bilal