Papa, Shamba la Walungu Sikuliuza

Papa wangu,

Nimechoka na wewe. Umekufa miaka sita sasa, lakini kila tukikaa kuamua jambo hapa nyumbani, wewe ndiye unayesema wa kwanza. Maman anafungua mdomo: "Kama papa yako angekuwaka hapa..." Basi, mazungumzo yameisha. Nani atabishana na wewe?

Safari hii ilikuwa juu ya masomo yangu. Tangu benki za Bukavu zifunge milango kwa sababu ya vita, sisi wa vyama vya akiba tunafanya kazi kwa kubahatisha. Mimi bado ni keshia, siku tatu kwa wiki. Nikapata mafunzo ya kuchambua mikopo, ya kusomea kwenye mtandao, yenye cheti kinachokubalika hadi Kigali na Kampala. Yana ngazi tatu. Unaweza kulipia ya kwanza peke yake, au kulipia zote pamoja na mwalimu wa kukusimamia, na bei ya zote ilikaribia bei ya shamba letu la Walungu.

Tonton Deo, mdogo wako, alikuja Jumapili baada ya misa akiwa tayari na mnunuzi.

"Mutoto wa kaka yangu hawezi kusoma nusu nusu," alisema. "Tuuze shamba. Papa yako angelipa yote, mara moja."

Hapo alisema kweli, na ndiyo iliyonikasirisha. Unakumbuka kile kituo cha Ibanda, cha masomo ya benki ya jioni? Mkurugenzi mwenye tai nyekundu alituambia anayelipa miaka miwili yote anapunguziwa bei. Nilikuvuta shati, nikakunong'oneza tulipe mwezi mmoja kwanza. Ukanijibu kwa sauti, mbele yake, "Binti yangu si wa kujaribu-jaribu." Ukatoa bahasha. Mshahara wa katibu wa shule, Papa! Mwezi wa tano wa masomo tulikuta mwenye nyumba ametupa viti nje, na mkurugenzi hapokei simu. Tulipanda ngazi za mtaa wetu, Cimpunda, mvua inanyesha. Karibu na nyumbani ukasema, "Usimwambie Maman leo." Nilikaa na hiyo siri wiki nzima nikiaga kila jioni kama mtu anayekwenda darasani.

Kwa hiyo safari hii niliuliza. Nilimwendea Maman Furaha, aliyekuwa mkuu wa mikopo kazini kwetu na kuajiri wengi. Nikamwuliza kama ngazi zote tatu zingenifaa.

Alicheka. "Sikuulizaka mutu amelipa ngapi. Nilikuwa namupatia dossier ya mukopo, yale makaratasi ya mwenye kuomba pesa, naangalia kama anajua kuisoma. Fanya ya kwanza. Ukiona inakushinda, utakuwa umepoteza kidogo."

Nikarudi nikawaambia: nalipia ngazi ya kwanza, kwa akiba yangu, shamba linabaki. Tonton aliacha bugali kwenye sahani, akachukua kofia yake. Maman alininunia siku nne. Siku ya tano, tukichambua maharage, nilishindwa kuvumilia.

"Maman, hata wewe unaona Papa alifanya vizuri kule Ibanda?"

Hakuinua kichwa. "Ule mwaka aliachaka kununua dawa ya presha," alisema. "Ili apate ile pesa yako. Alisema atarudilia ukishamaliza. Kisha akasema anajisikia muzuri, haiko lazima."

Mwaka uliofuata wewe ukaanguka, ukafa, na sisi tukawaambia watu wote msibani kwamba ilikuwa ghafla.

Papa, nani alikutuma? Mimi nilikuomba mwezi mmoja! Ungeniuliza kama nataka kuwa mtu wa benki au kuwa na baba, ungesikia jibu kabla hujamaliza swali. Nililia mbele ya Maman, nikakutukana kidogo, naye hakunikataza. Alisema tu, "Hata mimi nilimukasirikia. Nilinyamaza sababu ulikuwa unamusifu."

Tangu siku hiyo hatuulizi tena ungefanya nini. Jana Tonton alipiga simu kusema mnunuzi bado anangoja. Maman alichukua simu mkononi mwangu, akamjibu mwenyewe: "Deo, shamba haiuzwe. Mutoto anasoma. Na mimi niko na dawa yangu ya presha ya kununua kila mwezi." Akakata.

Mtihani wa kwanza wa majaribio nilipata nusu tu. Ngazi ya pili sijui kama nitailipia. Nitaamua nikifika, na nitaamua mimi. Wewe sasa pumzika. Kwa kweli, Papa, nyamaza upumzike. Nakupenda, na hasira bado ninayo, vyote viwili.

Binti yako wa kwanza