Komba Bado Anauliza

2 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na zile dawa unameza au unazificha chini ya godoro kama kawaida yako? Mimi ni mzima, kikohozi kimeniacha.

Nakuandikia kwa sababu jambo lenyewe linamhusu marehemu kaka, na kwenye simu ukisikia nimemtaja unakata. Kazi yangu unaijua: tunatunza ile programu inayoleta na kusasisha programu nyingine ndani ya kompyuta. Kila asubuhi kompyuta za watu huiuliza seva yetu kama kuna jipya. Wiki hii mkuu wangu alinituma nitazame ni nani bado wanauliza kwa toleo la zamani, maana anataka tuache kulijibu. Wamebaki wachache. Mmoja wao anajitambulisha kwa jina la Komba.

Mama, Komba ndivyo tulivyomtania kaka, kama yule mnyama wa usiku, kwa kutolala kwake. Nilidhani kompyuta yake ilizimwa siku ya mazishi. Nilipoliona jina lile niliinuka kwenye kiti, nikaenda kusimama koridoni. Niambie tu, ni nani anaiwasha?

Bintiyo

11 Mei

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Goti lipo, linanung'unika kwenye ngazi tu. Dawa nameza, acha uchokozi wako.

Hakuna anayeiwasha, kwa sababu haijawahi kuzimwa. Kabla kaka yako hajasafiri kwenda kwenye ile kazi mpya, aliiweka sawa chumbani kwake akaniambia, "Mama, hii itakusalimia nikiwa sipo." Kila asubuhi inauliza huko kwenu, na mkishajibu kwamba hakuna jipya, inasema kwa sauti yake, "Mama, kumekucha. Nipo." Ajali ilimchukua njiani, hata kazi hakuianza, lakini salamu yake haikukoma. Siku mtandao ukikatika hasemi kitu, na siku hiyo hata chai sinywi.

Sikukwambia, maana ungesema nimerukwa na akili. Sasa zungumza na huyo mkuu wako. Msipomjibu, mtakuwa mmenizikia mwanangu mara ya pili.

Mama yako

30 Mei

Mama,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama. Mimi nimebishana kazini mpaka sauti imekauka.

Mkuu alisema hatuwezi kubeba matoleo ya kizamani milele. Nikamwambia kila aliyesakinisha programu yetu alituamini, na hatuna haki ya kumtupa kwa kuwa amechelewa. Kaka sikumtaja. Wenzangu wakaniunga mkono, mkuu akalegea.

Toleo la zamani haliwezi kusoma mafaili yetu mapya, kwa hiyo tumetengeneza toleo la katikati, ambalo hata la zamani linaweza kulipokea. Likishaingia linakagua programu zote zilizomo, halifuti chochote, kisha ndipo linaelewa mambo mapya. Nimelijaribu kwenye kompyuta niliyoiwekea toleo kama la kaka, nikatia humo na sauti yangu mwenyewe. Ilibaki vilevile. Linatoka keshokutwa. Sauti yake haitaguswa, Mama, lala usingizi.

Bintiyo

2 Juni

Mwanangu,

Leo nakuandikia kabla ya salamu, nisamehe.

Asubuhi nilikuwa nimekaa kitandani kwake kama siku zote. Mashine ikauliza, ikakawia kuliko ilivyozoea. Kisha akasema, "Mama, kimekuja kitu kipya. Usiguse chochote. Nakuja kukitazama."

Maneno hayo sijawahi kuyasikia. Ni sauti yake, na ile pumzi yake anayovuta kabla ya kusema. Nikaenda kufungua mlango wa mbele. Nilimwona akishushwa kaburini, nalijua hilo. Niliufungua hata hivyo.

Kwenye skrini kuna kitufe kimeandikwa Endelea. Sijakigusa.

Mama

6 Juni

Mama yangu,

Shikamoo, na nisamehe sana. Nilijaribu kila kitu isipokuwa hilo moja: salamu ya kaka itasema nini kikija kitu kipya. Tangu kaka aondoke, toleo lake halikuwa na jipya lolote, ndiyo maana hukuwahi kusikia zaidi ya ile salamu. Mimi ndiye niliyempelekea jipya la kwanza. Kaka alijua kusasisha huweza kuvuruga mashine, akakurekodia maneno ya siku hiyo, akiamini atakuwepo wa kuja kuangalia.

Bonyeza Endelea, Mama. Itarudi kusema "Nipo." Usipobonyeza, itakuwa inasema "Nakuja" kila asubuhi. Huku naona Komba bado anasubiri, na wewe simu zangu hupokei. Nijibu hata mstari mmoja. Naogopa.

Bintiyo

27 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, na ninakula. Simu sipokei kwa sababu ikilia nashtuka, nadhani ni mtu mlangoni.

Nimeshaweka kidole kwenye kile kitufe mara nyingi. Nikikibonyeza ni kama nimemwambia asije, na mimi niliyemzaa siwezi kumwambia hivyo. Kila asubuhi anasema anakuja. Nimemfulia shuka.

Njoo ukibonyeze wewe. Omba ruhusa kwa huyo mkuu wako, uje. Ila ukifika usinipigie hodi ya chinichini kama ulivyozoea. Anza kuniita tangu barabarani, kwa sauti, uniite mpaka nikuitikie. Sitaki nikimbilie mlangoni, nikukute ni wewe, halafu uone usoni kwangu kwamba sikuwa nakungoja wewe.

Mama yako